Riba

Tulimnunua kwa mkopo wa kikundi,
kwa hiyo jina lake likawa Mkopo.
Ndahani, mume wangu, alicheka siku ile ya mnada,
akasema: angalau deni letu lina masikio,
ukiliita linageuka.

Mwaka mzima ametubebea maji ya kisima cha Mvumi,
madumu mawili huku, mawili huku,
na la tano ndani, lisilo na bei.
Nilihesabu miezi kwa mafundo ya kamba:
kumi, kumi na moja, kumi na mbili.
Fundo la kumi na tatu nilianza kulifunga
nikaliacha nusu.
Wanawake foleni nzima wakaniuliza:
wewe, punda wako amemeza jiwe?

Mimi nilizaa watatu, miezi tisa tisa,
na kila mmoja nilimwona mrefu kama kiangazi.
Nikamwambia Mkopo: pole, mwenzangu.
Hakujibu. Punda hapokei pole
mpaka mzigo uteremke.

Usiku wa Alhamisi upepo ukakoma ghafla.
Nikasikia pumzi zizini,
moja ndefu, iliyokatwa kati.
Nikawasha tochi ya simu, chaji asilimia nane,
nikamkuta amelala ubavu,
na chini ya mkia kitu cheupe,
kama chandarua kilicholowa,
na ndani ya chandarua kwato mbili,
moja mbele, moja nyuma kidogo,
kama mtu anayechungulia kizingitini
kabla hajapiga hodi.

Simu ikazimika.
Yaliyofuata niliyaona kwa mikono.

Fisi akalia upande wa korongo.
Damu haina siri;
fisi ndiye jirani wa kwanza kupata habari.
Nikamwamsha Nyemo, akakoka moto wa mkambala,
akakaa mlangoni mwa zizi na sufuria na mwiko,
anagonga, anasinzia, anagonga.

Ndipo akateleza, kihongwe,
miguu mingi kuliko mwili.
Kwenye mwanga wa moto nikaziona kwato zake:
zimevikwa nyama laini, nyeupe kama uyoga wa masika,
ili asimkwaruze mama yake njiani.
Nani aliyewaza hilo?
Nani aliketi, na kazi zote za dunia,
akakumbuka kumvalisha soksi mtoto wa punda?

Akasimama. Akaanguka.
Akasimama kwa miguu mitatu,
wa nne bado unabishana na ardhi.
Akatafuta kiwele kwenye ukuta wa tembe,
akakitafuta kwenye dumu la njano,
akakitafuta kwenye goti langu,
akanyonya kitenge
hata nikalihisi joto la ulimi wake
na kifua changu, kikavu miaka sita,
kikashtuka.

Kondo likatoka alfajiri.
Nikalitandaza, nikalikagua kama shuka la kuazima,
kama limechanika, kama limepungua.
Halikupungua. Nikalizika kwa kina,
fisi asije kulidai.

Ijumaa ni siku ya marejesho.
Bi Matika mweka hazina akaja na daftari kwapani.
Nikamwonyesha zizi badala ya pesa:
huyu hatabeba kitu wiki hizi.
Akatazama kwa muda mrefu.
Kihongwe amelala juani, mkia ukijaribu nzi wake wa kwanza.
"Na huyu anaitwa nani?"
Nyemo, macho mekundu kwa moshi, akasema:
"Riba."

Bi Matika alicheka hadi kalamu ikamdondoka.
Kisha akaiokota, akaandika faini, elfu mbili.
Kicheko ni kicheko. Daftari ni daftari.

Nikachukua mzega,
dumu moja huku, moja huku,
nikashika njia ya kisima.
Nilipogeuka, Mkopo alikuwa ameinua kichwa,
ananitazama nikienda na mzigo wake,
masikio yote mawili mbele,
kama mtu anayenidai.